Jikoni pana gesi, umeme na mkaa kwa pamoja: nianze kurekebisha wapi?

Mama Pacha, Tabata

Habari za jioni, ndugu zangu. Naomba mawazo ya wanaoufahamu umeme na gesi, kwa sababu nyumbani kwangu kila mtu ana hofu yake, na kila mmoja anadhani hofu ya mwenzake ni ya bure.

Tunaishi katika nyumba ya kupanga, na jiko letu ni chumba chembamba chenye dirisha moja na soketi moja tu ukutani. Miaka mitatu iliyopita tulikuwa tukipikia mkaa nje, na kitu cha umeme kilichokuwa jikoni kilikuwa friji peke yake. Leo katika soketi ile ile nimechomeka ekstensheni yenye matundu manne, nayo inabeba friji, birika la umeme, jiko la presha la umeme na blenda. Mtungi wa gesi wa kilo 15 umekaa ndani ya kabati, chini ya jiko la pleti mbili. Mama mkwe, aliyehamia kwetu kutoka Korogwe, hajaacha kuchemsha maharage kwa mkaa, na jiko lake hulitega pale pale mlangoni.

Wiki iliyopita nilisikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilipochomoa plagi ya ekstensheni nilikuta mguu mmoja umegeuka rangi ya kahawia na plastiki inayouzunguka imelainika. Mume wangu alifunga plagi mpya, akasema yamekwisha. Mama mkwe anasema umeme hauna shida, shida ni mtungi, ambao kwa maoni yake ungekuwa unalala nje. Binti anayetusaidia kazi ana miaka 19 na hakuwahi kutumia kifaa chochote kati ya hivi kabla ya kufika kwetu, lakini nikiwa kazini ndiye anayebaki navyo, pamoja na pacha wangu wenye miaka miwili.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034, nami nauunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo, aliyeniuzia mtungi alifunga mpira, akawasha, akaondoka, na jiko la presha lilikuja na kijitabu ambacho hakina neno hata moja la Kiswahili. Kabla sijamfundisha huyu binti nataka nijue mimi mwenyewe. Katika haya yote, kipi kitangulie?

Fundi Nguzo

Dada, shemeji amebadilisha plagi, lakini plagi ilikuwa inatoa taarifa tu. Tuanze na hesabu. Umeme wetu ni wa volti 230 na soketi yetu ya miguu mitatu imeundwa kubeba ampea 13. Ukizidisha unapata wati 3,000 hivi, na kiasi hicho ndicho soketi hiyo inachoweza kutoa hata ukiiongezea matundu kumi. Sasa geuza vifaa vyako usome vibandiko vyake. Birika la umeme kwa kawaida ni wati 1,500 hadi 2,200, jiko la presha la lita 6 ni wati 1,000 au zaidi kidogo, blenda ni mia kadhaa, na friji hula kidogo ikishatulia, ila kompresa inapoanza huvuta mara kadhaa ya kiwango chake cha kawaida. Asubuhi maharage yakiwa kwenye presha na maji ya chai yakichemka, umeshafika ukingoni, na blenda ikiwashwa umevuka.

Wengi huniuliza mbona fyuzi haikukatika. Fyuzi ya ampea 13 hukatika upesi nyaya zinapogusana, lakini mzigo ukizidi kidogo huweza kuvumilia kwa muda mrefu sana, na muda wote huo waya wa ekstensheni, ambao kwa zile za bei rahisi ni mwembamba kuliko unavyoonekana kwa nje, unajipika ndani kwa ndani. Kumbuka pia kwamba mkondo ukiongezeka mara mbili, joto katika waya huongezeka mara nne. Ndiyo maana nyumba inaweza kukaa miaka miwili bila tatizo, kisha kifaa kimoja kikaongezwa na mambo yakaharibika ndani ya mwezi.

Katika habari yako, neno lililonishtua ni "mguu mmoja". Mzigo ukizidi peke yake hupasha moto waya wote. Mguu mmoja unapoungua, maana yake mguso wake umelegea, na kwa kawaida kilicholegea ni bati la ndani ya soketi ya ukutani ambalo limechoka kwa kuchomekwa na kuchomolewa. Plagi mpya ikichomekwa humo nayo itaungua. Soketi ibadilishwe wiki hii, na fundi akiifungua atazame waya ulio nyuma yake. Soketi inastahili waya wa milimita za mraba 2.5, lakini nimekuta nyumba nyingi za kupanga ambamo jikoni ulipitishwa ule wa 1.5 wa taa, kwa kuwa zilijengwa wakati mpangaji alikuwa na redio na pasi.

Mwombe mwenye nyumba soketi mbili zaidi, birika lipate yake na jiko la presha lipate yake, zote za ukutani. Friji ihamie sebuleni. Hadi hapo, chochote kinachotoa joto kitumike kwa zamu, kimoja kikizimwa ndipo kingine kiwashwe.

Tena, itazame plagi ya jiko la presha. Kama ni ya miguu miwili ya mviringo, nina hakika jikoni kwenu kuna kalamu au kijiti cha kuchokonoa tundu la juu la soketi ili plagi iingie. Tundu lile ni la waya wa ethi, yaani ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, na likisukumwa hufungua vifuniko vya matundu mawili ya chini, vilivyowekwa makusudi ili vidole vya watoto visifike penye umeme. Ukichokonoa unakuwa umefanya makosa mawili kwa mkupuo mmoja, maana plagi inakaa ikiwa imelegea, na bati la jiko linakuwa halina ethi, hivyo waya ukichubuka ndani, umeme utapita kwa anayeligusa. Fundi akufungie plagi ya miguu mitatu kwenye waya wenye nyaya tatu ndani. Na siku ukigusa mlango wa friji ukiwa peku ukahisi kama unachomwachomwa, usiseme ni kawaida ya friji. Ethi ya nyumba haifanyi kazi au haipo kabisa.

La mwisho ni la kumfundisha binti, nalo halina gharama. Umeme ukikatika, au uniti za LUKU zikiisha katikati ya mapishi, azunguke azime kila swichi na kuacha taa moja tu ya kumjulisha kwamba umeme umerudi. Niliwahi kuitwa katika nyumba ambamo hita ya kuchemshia maji iliachwa ndani ya ndoo ya plastiki umeme ulipokatika. Maji yakamwagwa, hita ikabaki ndani ya ndoo tupu, watu wakatoka. Umeme ulirudi saa nane mchana.

Chumba Kimoja

Fundi amesema vizuri. Mimi nataka kuuliza upande wa gesi, kwa sababu sisi wengine hatuna jiko la kuhamishia kitu. Chumba ni kimoja, kitanda kiko hapa, mtungi wa kilo 6 wenye bana juu yake uko pale, na mlango tunafunga saa nne usiku. Je, kuna namna ya kulala nao ndani kwa amani? Jirani yangu kila akibadilisha mtungi hupitisha kiberiti kwenye maungio kuona kama unavuja, na anasema ndivyo alivyofundishwa.

Kilo Kumi na Tano

Nimefanya kazi ya kusambaza mitungi kwa miaka tisa. Ndugu Chumba Kimoja, mwambie jirani yako aache kiberiti leo hii. Maji ya sabuni yenye povu zito, yakipakwa kwa sponji kwenye maungio yote valvu ikiwa wazi na jiko likiwa limezimwa, yanaonyesha mvujo mdogo ambao hata pua haiusikii. Povu likivimba au likitoa mapovu yanayokua, funga valvu.

Mtu akielewa tabia ya gesi hii, mengine hujielekeza yenyewe. Ndani ya mtungi imo kama kimiminika, na lita moja ya kimiminika hicho ikitoka inakuwa karibu lita 250 za gesi. Ni nzito kuliko hewa, kati ya mara moja na nusu na mara mbili, kwa hiyo haipandi juu kama moshi wa kuni. Inatambaa sakafuni, inajaza mashimo na chini ya vitanda, na sehemu mbili hivi katika mia za hewa ya chumba zinatosha kushika moto. Yenyewe haina harufu. Ile inayofanana na kitunguu kilichooza hutiwa makusudi ili tuistukie.

Dada Mama Pacha, hapo ndipo ninapomuunga mkono mama mkwe wako. Kabati lililofungwa ndipo mahali pabaya kuliko pote jikoni kwako, maana mvujo mdogo wa usiku kucha hukusanyika humo ukingoja mtu afungue na kuwasha. Kama ukuta unaruhusu, mtungi usimame nje, kivulini, mahali ambapo haufikiwi na watoto wala wezi, na mpira upite ukutani ndani ya bomba linaloulinda usichubuke. Kama haiwezekani, utolewe kabatini ukae wazi, wima, karibu na mlango ambao chini yake kuna mwanya. Dirisha lako la juu husaidia kutoa joto na mvuke, lakini gesi iliyovuja haitapitia huko.

Hata hivyo, simuungi mkono mama kwa jiko la mkaa. Jiko linalowaka mlangoni, hatua tatu kutoka kwenye mtungi, ni kibatari kilichotegwa pale pale ambapo gesi ingepita ikitafuta njia ya kutoka. Nalo likiingizwa ndani likiwa bado na makaa, hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini.

Kwa anayeishi chumba kimoja nitasema ukweli. Ningependa mtungi ulale nje ya chumba, na kama kuna uchochoro salama basi huko ndiko uende. Isipowezekana, ukae karibu na mlango na mbali na kitanda, na kabla ya kulala valvu ya mtungi wenyewe ifungwe kwa mkono, kisha unuse mara ya mwisho karibu na mtungi kabla hujazima taa. Hiyo ya kilo 6 yenye bana juu ina mtego wake pia. Sufuria kubwa ya pilau ikitegwa juu yake inayumba, na ikiwa pana kuliko mtungi, joto linarudishwa chini kwenye valvu. Hiyo ni ya chai na mboga, si ya shughuli.

Mpira una tarehe iliyochapishwa juu yake. Ukipita muda wake, au ukiukunja ukaona nyufa ndogo kama za ngozi ya kisigino, ubadilishwe pamoja na klipu zake, na usifungwe kwa waya wa chuma wala kwa mpira wa baiskeli. Kila mtungi mpya unapoletwa, chungulia ndani ya valvu uone kama washa ya mpira ipo na haijakatika, kwa sababu mivujo mingi niliyoitiwa ilianzia kwenye washa isiyozidi ukubwa wa pete. Gesi ikikaribia kwisha, msiulaze mtungi wala kuutumbukiza katika maji ya moto ili kukamua ya mwisho. Ukilala, kinachokuja kwenye pleti ni kimiminika, na mwali unaoruka hapo hauzimwi kwa kupuliza.

Harufu ikisikika, binti afunge valvu, afungue milango, atoe watoto, na asiguse swichi yoyote. Nasema yoyote, kwa sababu watu hukumbuka kutowasha taa lakini hukimbilia kuzima friji, na cheche hutoka kwa kuzima kama zinavyotoka kwa kuwasha. Feni isiwashwe kupeperushia gesi. Simu ipigwe akiwa nje kabisa, na namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Muuguzi wa Pwani, Mombasa

Dada yangu Mama Pacha, naongeza la upande wangu. Huku Kenya mitungi yetu ni ya kilo 6 na kilo 13, na mnakumbuka mlipuko wa Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, katika kituo cha kujazia gesi kilichokuwa kinaendeshwa bila idhini katikati ya makazi. Tangu siku hiyo kila mtu huogopa mtungi. Lakini watoto tunaowapokea wodini wameunguzwa zaidi na maji ya moto, chai na uji. Mtoto wa miaka miwili huona waya wa birika ukining'inia mezani, naye huuvuta. Basi mwambie binti waya usiachwe ukining'inia, na vipini vya sufuria vielekee ukutani.

Akiungua, peleka sehemu iliyoungua chini ya maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20 kamili, ukizihesabu kwa kutazama saa. Dakika hizo ni nyingi kuliko mtu anavyodhani, hasa mtoto akilia, lakini zinapunguza kina cha kidonda, na hata kama saa moja au mbili zimepita bado zinafaa. Vueni nguo na bangili kabla hajavimba, ila nguo iliyoganda kwenye ngozi iacheni. Kisha funikeni kwa kitambaa safi mwende hospitali. Dawa ya meno, yai, unga na majivu sisi huvikwangua mtoto akilia mara ya pili.

Na mafuta ya viazi karai yakishika moto, hakuna maji hapo. Maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke mara moja, na kila lita huwa zaidi ya lita 1,600 za mvuke, unaorusha mafuta yanayowaka hadi darini. Zima jiko, sukumia kifuniko juu ya karai kutoka upande wako, uache papoe bila kuchungulia. Aliyepigwa na stima asiguswe kabla swichi kubwa haijazimwa, na hata akisimama akasema yu mzima aletwe apimwe moyo.

Bibi Jungu, Unguja

Mwanangu, wamesema mengi na hakuna aliyekufundisha hilo jiko la presha lenyewe, nami nalitumia kila siku. Usilijaze kupita theluthi mbili, na kwa maharage, choroko na chochote kinachotoa povu usipite nusu, kwa kuwa povu hupanda likaziba kitundu cha kutolea mvuke. Chungu cha ndani ukifute chini kikauke kabla ya kukirudisha, maana matone hudondokea kwenye pleti ya umeme. Lile ganda la nje halioshwi kwa kutumbukizwa majini, hufutwa. Ule mpira mweupe wa kifuniko uutoe uuoshe kila mara, na ukiwa umepasuka ununue mwingine. Usilitege chini ya rafu, mvuke wake huoza mbao na kumuunguza anayeinama. Maharage yake hayafiki hata uniti moja, mwambie mkweo nimesema mimi.

Mama Pacha, Tabata

Shikamoo Bibi, na asanteni nyote. Narudisha majibu baada ya siku tano.

Fundi alifungua soketi ya ukutani. Bati la upande mmoja lilikuwa limetanuka na kuwa jeusi, na waya ni wa 2.5, kwa hiyo hapo tulinusurika. Mwenye nyumba amekubali soketi moja na sisi tutagharimia ya pili. Kalamu ya kuchokonolea ilikuwepo kweli, nyuma ya chombo cha chumvi, na mume wangu ndiye aliyeitupa. Mtungi umetoka kabatini. Tulipopaka povu la sabuni, lilivimba kwenye klipu ya upande wa jiko, mahali ambapo pua ya mtu yeyote kati yetu haikuwa imesikia kitu kwa miezi yote hiyo. Mpira na klipu vyote vimebadilishwa.

Binti nilimfanya afunge na kufungua valvu mara kumi akiwa amefumba macho, kwa sababu niligundua alikuwa hajui inazungukia upande gani. Muda wote alikuwa anazima kwenye jiko tu na kuniachia mimi ya mtungi jioni. Mama mkwe amehamishia mkaa wake uani, kwenye kona yenye upepo, ingawa maharage ya presha ameyaonja na kusema yana haraka ya mjini.

Nina swali moja lililobaki. Jana muda uliisha na kile kipini chekundu cha kwenye kifuniko cha jiko la presha, kinachosimama mvuke ukiwa bado umo ndani, hakikushuka hata baada ya nusu saa. Binti alitaka kukibonyeza kwa kijiko, nikamzuia. Tungefanya nini?

Bibi Jungu, Unguja

Marahaba mwanangu, ulifanya vyema kumzuia. Chomoa umeme kwanza. Kisha, ukisimama pembeni na mkono ukiwa umefungwa taulo, sogeza kile kipumulio, yaani kitufe cha kutolea mvuke kilicho juu ya kifuniko, kidogo kidogo kwa mwiko mrefu. Mvuke ukitoka, uache utoke wenyewe hadi ukome. Ukianza kutema povu la maharage, rudisha, ngoja dakika chache, rudia. Ikiwa hakuna kinachotoka na kipini bado kimesimama, kitundu kimeziba, na hapo haliguswi mpaka lipoe kabisa, hata kama chakula cha usiku kitakuwa mkate na chai. Kesho yake toa kile kifuniko kidogo cha bati kilicho upande wa ndani, utakuta ganda la haragwe.

Fundi Nguzo

Na maji ya chai hiyo yachemshwe jiko la presha likiwa limechomolewa, hadi soketi ya pili ifungwe.